Kuunda modeli ya malaria kwa kompyuta: kutoka majaruba ya Mabogini hadi migombani juu

Ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea Mabogini na Chekereni unakuta majaruba ya mpunga yenye maji ya mfereji, na jioni mbu aina ya Anopheles arabiensis wanatoka kwa wingi. Ukigeuka ukapanda mlima Kilimanjaro hadi kwenye migomba na kahawa, baridi inaongezeka na malaria inapungua. Kati ya sehemu hizi mbili ni mwendo mfupi wa daladala. Modeli ya malaria, yaani milinganyo inayoiga jinsi ugonjwa unavyoenea, inayofaa ni ile inayotoa majibu mawili tofauti kwa sehemu hizi mbili kwa kubadilisha joto tu, bila wewe kuisukuma. Nyingi zinashindwa mtihani huo, na mara nyingi kosa ni lilelile: zimekosea kuhesabu muda ambao vimelea vinakaa ndani ya mbu kabla ya mbu huyo kuweza kuambukiza. Mwongozo huu unakaa sana hapo.

Unahitaji kompyuta mpakato ya kawaida, hata yenye GB 4 za kumbukumbu, na lugha ya programu ya Python pamoja na maktaba zake numpy, scipy na matplotlib. Zote ni za bure. Hesabu unayohitaji ni ya kidato cha sita: logi, kipeo, na wazo la kasi ya mabadiliko.

Anza na karatasi

Kabla ya kuwasha kompyuta, chora visanduku. Watu wana visanduku viwili: wasio na vimelea na walio navyo. Mbu wana vitatu: wasioambukizwa, walioambukizwa lakini vimelea havijakomaa, na wale ambao vimelea vimeshafika kwenye tezi za mate. Chora mishale kati ya visanduku, na juu ya kila mshale andika kasi yake kwa siku. Mshale ambao huwezi kumweleza bwana afya maana yake kwa sentensi moja, ufute. Utaurudisha siku ukiuelewa.

Sasa vigezo. Hivi ni vya kujifunzia, si vipimo vya kijiji chochote. Idadi ya mbu kwa kila mtu, m, ni 5. Kasi ya kuuma watu, a, ni 0.25 kwa siku: mbu jike anatafuta damu kila baada ya siku 3 hivi, na tukichukulia robo tatu ya milo yake ni watu na robo ni ng'ombe, tunapata 0.75 ÷ 3. Uwezekano wa mtu kupata vimelea akiumwa na mbu mwenye kuambukiza, b, ni 0.5. Uwezekano wa mbu kuvichukua kwa mtu mwenye navyo, c, ni 0.3. Mtu asiyetibiwa anakaa na vimelea siku 100 hivi, kwa hiyo r ni 0.01. Uwezekano wa mbu kuishi hadi kesho, p, ni 0.9, na kasi ya vifo vyake, u, ni logi asilia ya 0.9 bila alama ya kutoa, yaani 0.10536.

Fomula inayounganisha haya inatokana na kazi ya Ronald Ross, aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, na George Macdonald aliyeiendeleza katika miaka ya 1950:

R0 = m × a² × b × c × pⁿ ÷ (r × u)

R0 ni idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja anawaambukiza, kupitia mbu, pale ambapo hakuna mwingine aliyeambukizwa. Ikiwa chini ya 1, ugonjwa unazimika. Herufi a ina kipeo cha pili kwa sababu mbu lazima aume watu mara mbili: mara ya kwanza kuchukua, mara ya pili kupeleka. Ndiyo maana zizi la ng'ombe lina uzito katika hesabu hii. Nusu ya milo ikiwa ya ng'ombe, a inashuka hadi 0.167, na R0 inapungua kwa zaidi ya nusu ingawa hakuna mbu hata mmoja aliyeuawa.

Herufi n ni siku za vimelea kukomaa ndani ya mbu. Kwa Plasmodium falciparum, kanuni ya Detinova inasema n = 111 ÷ (joto − 16). Kwa nyuzi 25 ni siku 12.3. Kwa nyuzi 20 ni siku 27.75. Kwa nyuzi 18 ni siku 55.5. Mbu mwenye p ya 0.9 ana nafasi ya asilimia 27 kuishi siku 12.3, asilimia 5 hivi kuishi siku 27.75, na chini ya theluthi moja ya asilimia kuishi siku 55.5.

Weka namba hizo kwenye fomula kwa kikokotoo. Kwa nyuzi 25 utapata R0 ya 12.1. Kwa nyuzi 20, 2.4. Kwa nyuzi 18, 0.13. Hatujabadilisha idadi ya mbu, wala watu, wala vyandarua. Joto pekee limetosha kuhamisha jibu kutoka mlipuko hadi kuzimika. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo ukianza na nyuzi 25 mita 750 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 20 unazikuta karibu na mita 1,600 na nyuzi 18 karibu na mita 1,900. Weka namba hizi tatu mezani, maana ndizo tutakazoipimia programu.

Mtego wa kisanduku kimoja

Mwanafunzi anapohamisha michoro kwenda kwenye milinganyo, kile kisanduku cha mbu ambao vimelea havijakomaa kinaandikwa hivi: kila siku sehemu ya 1/n ya waliomo inatoka kwenda kuambukiza. Inaonekana sahihi kabisa, kwa sababu wastani wa kukaa ndani ni siku n. Lakini tazama milinganyo inasema nini hasa. Inasema mbu aliyekunywa damu yenye vimelea leo anaweza kuambukiza kesho. Wachache tu, ndiyo, lakini hao wachache hawajapata muda wa kufa. Wanaochelewa wanafia ndani, wanaowahi wote wanapita. Vimelea halisi haviwahi namna hiyo, kwani kukomaa kunafuata joto na mbu waliokula siku moja wanakomaa karibu pamoja.

Kwa kisanduku kimoja, sehemu ya mbu wanaofika ni 1 ÷ (1 + n × u). Kwa nyuzi 18 hiyo ni asilimia 14.6, badala ya 0.29. Kosa la mara 50. R0 inakuwa 6.5 na modeli inatangaza malaria kali mahali ambapo hesabu ya karatasi inasema ugonjwa hauwezi kujiendesha. Mabondeni kosa ni dogo, ndiyo maana wengi hawaligundui: walijaribu modeli mahali penye joto, ikatoa kitu kinachoelekea kuwa kweli, wakaipandisha mlimani.

Dawa yake ni kukigawa kisanduku hicho kuwa vingi vilivyofuatana, k kwa idadi, kila kimoja kikitoa mbu kwa kasi ya k ÷ n. Mbu lazima apite vyote, kwa hiyo hawezi kuwahi. Sehemu inayofika inakuwa 1 ÷ (1 + n × u ÷ k), yote kwa kipeo cha k. Matokeo ya R0 ni haya:

| Joto | k = 1 | k = 10 | k = 30 | fomula |
|---|---|---|---|---|
| 25 | 19.3 | 13.1 | 12.5 | 12.1 |
| 20 | 11.3 | 3.4 | 2.7 | 2.4 |
| 18 | 6.5 | 0.45 | 0.21 | 0.13 |

Soma safu ya chini polepole. Kwa k = 10 modeli tayari iko upande sahihi wa 1. Kwa k = 30 iko karibu na fomula vya kutosha kwa kazi nyingi.

Programu yenyewe

```
import numpy as np
from scipy.integrate import solve_ivp

m, a, b, c, r = 5, 0.25, 0.5, 0.3, 0.01
u = -np.log(0.9)
k = 30

def kasi(joto):
    return max(0.0, (joto - 16) / 111)

def mfumo(t, y, joto):
    H, E, V = y[0], y[1:-1], y[-1]
    q = k * kasi(joto)
    safi = 1 - E.sum() - V
    d = np.zeros(k + 2)
    d[0] = m*a*b*V*(1 - H) - r*H
    d[1] = a*c*H*safi - (q + u)*E[0]
    d[2:-1] = q*E[:-1] - (q + u)*E[1:]
    d[-1] = q*E[-1] - u*V
    return d

y0 = np.zeros(k + 2)
y0[0] = 0.01
jibu = solve_ivp(mfumo, [0, 3000], y0, args=(25,),
                 method="LSODA", max_step=1)
print(jibu.y[0, -1])
```

H ni sehemu ya watu wenye vimelea, E ni vile visanduku 30, V ni mbu wenye kuambukiza. Mstari wa mwisho lazima utoe 0.870. Namba hiyo haikutoka kwenye kompyuta. Ukiiandika milinganyo pasipo mabadiliko na kuitatua kwa kalamu, unapata H = (R0 − 1) ÷ (R0 + a × c ÷ u), na kwa R0 ya 12.47 jibu ni 0.870. Programu ikitoa namba nyingine, usiendelee hata hatua moja. Mara nyingi kosa liko kwenye mipaka ya orodha: mstari wa d[2:-1] ukisogea kwa nafasi moja, mbu wanapotea njiani bila Python kulalamika. Kisha badilisha 25 iwe 18. H lazima ishuke hadi karibu na sifuri.

Tumeandika kasi, hatukuandika n, kwa makusudi. Asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha joto linashuka chini ya nyuzi 16. Fomula ya n hapo inatoa namba hasi, na kwenye nyuzi 16 kamili inagawanya kwa sifuri. Kasi inasimama tu kwenye sifuri, kama vimelea vinavyosimama.

Wengine hawapendi solve_ivp, kitatuzi cha milinganyo cha scipy, na wanaandika kitanzi chao cha siku moja moja. Kwa k = 30 na nyuzi 25 kitanzi hicho kinaharibika: kasi ya kutoka kila kisanduku ni 2.43 kwa siku, ukiongeza vifo 2.54, maana yake kila siku unatoa mbu zaidi ya mara mbili ya waliomo. Unapata mbu hasi, kesho yake chanya wengi mno, na grafu inakuwa kama meno ya msumeno. Hatua ya siku 0.1 inaondoa tatizo. Na kwa solve_ivp usiiondoe max_step=1, kwa kuwa ukiongeza tukio fupi, kwa mfano dawa iliyopuliziwa siku moja, kitatuzi kinaweza kuliruka bila kuliona.

Joto la wapi, na la saa ngapi

Data za bure za joto na mvua zipo. Mvua ya CHIRPS inaanzia mwaka 1981 kwa vipande vya kilomita 5 hivi. Joto la NASA POWER linapatikana kwa siku, lakini vipande vyake ni vikubwa, karibu kilomita 50. Kipande kimoja cha ukubwa huo kinaweza kubeba theluji ya Kibo yenye mita 5,895, misitu, Moshi mjini na majaruba kwa pamoja, kisha kikakupa wastani ambao haupo mahali popote anapoishi mbu. Usiutumie ulivyo. Chukua joto la kituo kilicho karibu, kama uwanja wa ndege wa KIA, angalia mwinuko wake, kisha rekebisha kwa nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 hadi kijiji chako. Kipimajoto cha juu na chini ndani ya nyumba mbili tatu kwa mwezi mmoja kitakuambia kama marekebisho yako yana maana.

Wastani wa siku nao unadanganya. Chukua siku yenye wastani wa nyuzi 18, usiku 12 na mchana 24. Kwa wastani, vimelea vinapata nyuzi 2 juu ya 16. Ukihesabu saa kwa saa na kuweka sifuri saa zilizo chini ya 16, vinapata nyuzi 3.0. Siku za kukomaa zinashuka kutoka 55.5 hadi 37, na R0 inapanda kutoka 0.13 hadi 0.92. Hiyo ni tofauti kati ya kijiji kilicho salama na kijiji kilicho ukingoni. Hata hivyo, mbu anayepumzika ndani ya nyumba hapati mchana wa 24 wala usiku wa 12. Ukuta wa tofali na jiko la kuni vinapunguza kupanda na kushuka. Ndiyo maana kipimajoto kikae ndani, kwenye chumba cha kulala, si chini ya mwembe.

Idadi ya mbu haifuati mvua kila mahali

Kwenye mahindi ya kutegemea mvua, m hupanda wiki chache baada ya masika kuanza, kwa kuwa yai hadi mbu mzima huchukua takriban siku 10 hadi 14 katika joto la mabondeni. Mabogini ni hadithi nyingine. Huko maji yanafuata ratiba ya mfereji. Arabiensis anapenda maji ya kina kifupi yenye jua, kwa hiyo jaruba lililopandikizwa juzi linamfaa sana, na mpunga ukirefuka ukafunika maji anapungua. Mtu akitumia mvua kuendesha m kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ambamo Mabogini imo, kilele cha mbu kitaangukia mwezi usio wake. Tafuta ratiba ya kupandikiza kwa viongozi wa wakulima wa skimu, hiyo ndiyo data yako.

Na usishangae modeli ikidai mpunga mwingi ni malaria nyingi. Tafiti zilizolinganisha vijiji vya Lower Moshi vya mpunga, vya miwa na vya mahindi zilikuta mbu wengi zaidi kwenye mpunga lakini maambukizi machache kuliko kwenye mahindi. Kipato cha mpunga kinanunua chandarua na dawa, na hayo yanaingia kwenye a, p na r. Hiyo 0.870 yetu ni ya ulimwengu usio na chandarua wala dawa mseto. Mtu anayetibiwa mapema hakai siku 100.

p ndiyo yenye nguvu, na ndiyo ngumu kupima

Punguza mbu kwa nusu, R0 ya nyuzi 25 inashuka kutoka 12.1 hadi 6.1. Shusha p kutoka 0.9 hadi 0.85 tu, inashuka hadi 3.9. Macdonald aliliona hili mapema: kufupisha maisha ya mbu mkubwa kunalipa kuliko kupunguza idadi.

Kwa hiyo p haitakiwi kukisiwa. Njia ya zamani ni kupasua mbu jike chini ya darubini na kuona kama ameshataga. Ukikuta 73 kati ya 100 wameshataga, na mzunguko wa damu hadi mayai ni siku 3, p ni mzizi wa tatu wa 0.73, yaani 0.90. Safi. Ila kwa mbu 100, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 64 na 82, na p kati ya 0.86 na 0.94. Peleka ncha hizo mbili kwenye fomula: R0 inatoka 5 hadi 31. Siku nzima ya kazi ya maabara imekupa upana huo. Atakayechora mstari mmoja mwembamba kwenye grafu yake kutokana na mbu 100 anamdanganya mganga mkuu wa wilaya. Endesha modeli mara 1,000, kila mara ukichota p kutoka kwenye upana huo, na uchore ukanda.

Unapolinganisha na takwimu za zahanati, tahadhari mbili. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu protini ya vimelea inabaki kwenye damu. Kwa hiyo H ya kipimo ni kubwa kuliko H ya modeli. Pia m na b daima huonekana pamoja, zikizidishana. Kompyuta haiwezi kuzitenganisha kwa takwimu za wagonjwa peke yake, na ukiiagiza ikadirie zote mbili itakupa jozi yoyote yenye zao lilelile. Ifunge moja kwa kipimo cha shambani, kama mtego wa taa, kisha ukadirie nyingine.

Kijiji kidogo cha juu

Milinganyo hii inaruhusu mbu 0.3 kubeba ugonjwa. Kwa watu laki moja haidhuru. Kwa kitongoji cha watu 400 mlimani, ambako malaria inaingia na kijana aliyerudi kutoka kuvuna mpunga, inadhuru sana, kwa sababu mgonjwa mmoja anaweza kupona kabla hajaumwa na mbu hata mmoja. Hapo hesabu vichwa vizima, na bahati iingie.

Njia rahisi ni foleni. Kila siku, mbu walioambukizwa siku hiyo wanaunda kundi moja, na kundi lina daftari lenye namba mbili: wako wangapi, na wamekusanya nyuzi ngapi juu ya 16. Kesho yake, waliobaki wanachotwa kwa bahati na rng.binomial ya numpy kwa kutumia p, na nyuzi za siku zinaongezwa kwenye daftari. Daftari likifika 111, kundi linahamia kwa wenye kuambukiza. Kwa nyuzi 20 ni siku 28. Hakuna k, hakuna anayewahi, na joto likibadilika kila siku foleni inalifuata lenyewe. Watu nao wanachotwa vivyo hivyo, kwa uwezekano wa 1 − exp(−kasi).

Anza na mgonjwa mmoja, endesha mara 500, na hesabu ni mara ngapi walioambukizwa walifika 10 kabla ugonjwa haujazimika. Hata R0 ikiwa 2.4, sehemu kubwa ya majaribio huzimika yenyewe, na hilo ndilo jibu, si kasoro ya programu. Mbegu ya namba za nasibu, yaani namba inayoanzisha bahati ya kompyuta, iandikwe ndani ya ripoti, rng = np.random.default_rng(2024) au yoyote uliyotumia, ili mwenzako wa Tengeru au hospitali ya KCMC akiendesha kwenye kompyuta yake kwa toleo lilelile la numpy apate mara zilezile 500, moja baada ya nyingine.